Kinaya cha Mwenye Macho

Katika tanzia ya Sophocles, mshairi wa Uyunani ya kale, Mfalme Oedipus, akitaka kuwaokoa raia wa Thebes katika tauni, amlaani hadharani muuaji wa mfalme aliyemtangulia, naye hajui kwamba muuaji huyo ni yeye mwenyewe, ilhali hadhira, iliyokijua kisa tangu zamani, yasikia laana ikimrudia msemaji. Hicho ni kinaya, nacho kina aina zake. Kinaya cha maneno ni kusema kinyume cha yakusudiwayo. Cha matukio ni jambo kuzaa kinyume cha lililotarajiwa. Na cha tamthilia, kama hiki cha Oedipus, ni mtazamaji kulijua asilolijua mtendaji. Basi mwenye kuhukumu na aanze kwa kuihoji nafsi yake, kwani katika tanzia hiyo Tiresias, nabii kipofu, ndiye aliyeiona kweli ambayo mfalme, mwenye macho yake mawili, aliitafuta kwa wengine.