Mali ya Yatima

Mtu mmoja alikufa, akaacha mke na watoto watatu. Matanga hayajaisha, mdogo wake, aliyekuwa akingoja Batizo, akamwambia mjane: «Shemeji, nyumba hii ni ya ukoo wetu, rudi kwa baba yako.»

Enyi wakatekumeni, mtu atatubuje kweli, naye ameshika bado mali ya yatima? Amri ya Saba yamwagiza kurudisha kwanza. Hata Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya mwaka 1987, yawapa watoto robo tatu ya urithi, wa kike na wa kiume sawasawa; mjane naye ana fungu lake. Wazee wakishindwa kupatanisha, mjane aende Tribinali ya Amani bila haya. Kudai haki si kuchukia ndugu. Mungu, Baba wa yatima, auangalia mlango ule.