Silinda Haichongwi Milele

Kuna swali ambalo kila fundi wa injini analijibu kwa mikono yake, hata kama hajawahi kulisema kwa mdomo: kitu kilichochakaa unaweza kukitengeneza mara ngapi kwa kukipunguza? Kwetu Kizuka, upande wa Rumonge, swali hili si la vitabuni. Watu wanaishi kwa injini: pikipiki za abiria, mashine za kukamua mawese, boti zinazoingia ziwani usiku. Na hapa kambini nafanya kazi na vijana, baadhi yao wanajifunza ufundi, kwa hiyo nalisikia mara kwa mara. Ndugu msomaji, naomba tulifikirie pamoja.

Tuanze na chuma chenyewe. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda maelfu ya mara kwa dakika. Polepole ukuta unalika, tena hauliki sawasawa: juu, karibu na moto, unalika zaidi, na tundu lililokuwa duara linaanza kufanana na yai. Ringi hazibani tena. Moshi wa bluu unatoka, oili inapungua, nguvu hakuna. Dawa yake ni kuchonga. Silinda inapanuliwa mpaka iwe duara tena, halafu inawekwa pistoni kubwa kidogo, ile mafundi wanaita ovasaizi. Kwa pikipiki nyingi hatua ni za robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, mwisho 1.00. Zaidi ya hapo kwa kawaida mtengenezaji hatoi pistoni nyingine. Hiyo ni njia yake ya kusema: basi.

Sasa chukua silinda yenye kipenyo cha milimita 53. Ukiichonga mpaka 1.00, inakuwa 54, na ukuta umepoteza nusu milimita kila upande. Kijana atakuuliza: nusu milimita ni nini? Tena injini si imekuwa kubwa, itakuwa na nguvu zaidi? Ujazo umeongezeka kweli, lakini haufiki hata asilimia 4. Kilichopungua ndicho cha kuangalia. Ukuta mwembamba ukipata moto unapinda, ringi zinaachia, na injini inayopozwa kwa maji inaweza kupasuka ndani, maji yakaingia kwenye oili. Bloki ya gari nayo si lazima iwe na unene sawa kila upande. Upande mmoja unaweza kuwa mwembamba tangu kiwandani, na kwa macho huuoni. Kuna hata silinda zilizopakwa tabaka gumu ndani, ambazo hazichongwi kabisa. Kwa hiyo hakuna namba moja ya injini zote. Jibu la "mpaka wapi" linaanza na kipimo.

Lakini mteja hana hela. Anasema: "Fundi, nichongee tena, tafuta pistoni ya injini nyingine ikae humo." Fundi afanye nini?

Wengine watasema: mali ni yake, aamue mwenyewe. Nakubali nusu. Kama ni mashine yake na hasara ni yake peke yake, sawa, mwambie ukweli kisha aamue. Lakini kama ni injini ya boti, abiria hawakuulizwa. Injini ikizima katikati ya Tanganyika usiku na upepo umeamka, mama aliyebeba mtoto hajui habari ya ukuta wa silinda. Ruhusa ya mwenye mali haitoshi pale hatari inapowaangukia wengine.

Wengine watasema: maskini hana la kuchagua, msaidie hivyo hivyo. Hili linasemwa kwa huruma, na ndilo linaloniogopesha zaidi. Tajiri injini yake ikifa ananunua nyingine. Maskini ile ndiyo mtaji wote. Basi yeye ndiye anayestahili kipimo kikali kuliko wote. Umaskini wa mtu usiwe sababu ya kumpimia kwa jicho.

Na ipo njia nyingine. Silinda iliyofika mwisho inaweza kuingizwa slivu, yaani ala mpya ya chuma, ikarudi kwenye saizi yake ya mwanzo. Mashine nyingi za dizeli za silinda moja zimeundwa na ala ya kutoa na kuweka tangu mwanzo: imelika, unabadilisha, bloki haiguswi. Ni gharama, ndiyo. Lakini kuchonga kunatoa chuma, na slivu inarudisha chuma.

Hapa ndipo nafikiria watu. Kwenye semina zetu kuna neno linapendwa sana: ustahimilivu. Mgao unapungua, tunaambiwa jamii ni stahimilivu. Kijana anakatiza masomo, anauza alichonacho, anaanza upya, tunampigia makofi. Ni kweli ameanza upya. Hata injini iliyochongwa mara ya tatu inawaka. Nani amepima ukuta uliobaki?

Utaniambia mtu si chuma. Mtu anapona, silinda haiponi. Ni kweli, na mimi naliamini hilo, la sivyo nisingefanya kazi hii. Lakini mtu anapona kwa kurudishiwa: chakula cha kutosha, darasa, kazi, uhakika wa mwezi ujao. Kumpunguzia tu huku unasubiri apone ni kumchonga.

Wengi waliokimbia Burundi mwaka 2015 walibebwa na MV Liemba kutoka Kagunga hadi Kigoma. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Watu wanaisifu kuwa ngumu. Lakini haikudumu kwa ugumu peke yake. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Kuna watu walikubali kuwa za zamani zimefika mwisho, wakalipa gharama ya mpya. Bila hao, sijui 2015 ingetukuta na meli gani.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi langu ni dogo: kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba kijana fulani ni mstahimilivu, muulize amebakiwa na nini. Na sisi wenyewe tuache kuona aibu kusema "nimefika 1.00". Fundi akikuambia hivyo kuhusu injini yako humwiti mvivu. Unamshukuru, halafu mnakaa chini kuhesabu bei ya slivu.