Ritani Yako Inangoja Nini?

Jumapili iliyopita baada ya ibada ya pili, ndugu mmoja kijana alinishika mkono akaniuliza, "Pasta, ni dhambi kungoja mpaka tarehe 30 Juni ndiyo nifaili ritani?" Nilicheka. Halafu nikaona yeye hacheki. Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi, kwa sababu jibu langu lina aibu yangu ndani yake.

Sheria kwanza. Ritani ya mwaka uliopita unaweza kuituma kwa iTax kuanzia Januari 1 hadi Juni 30. Ukipitisha hapo, faini ya mtu binafsi ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Hiyo ni miezi sita tumepewa. Mtu akitumia muda aliopewa, amevunja nini? Hakuna. Sitaki mshirika yeyote alale akidhani Mungu amemkasirikia kwa sababu alifaili tarehe 29.

Tena kuna wanaokosea kwa haraka. Mtu ameandikwa kazi mwaka mzima, P9 hajapewa, lakini Januari anaenda saiba, anabonyezewa ritani ya sufuri kwa dakika tano, anatoka akisema amemaliza na serikali. Amewahi, ndiyo. Lakini amewahi na uongo. Huyo afadhali angengoja P9. (Nyinyi vijana mliochukua PIN na bado hamjapata kazi, sufuri yenu ni ya ukweli. Faili Januari. Hiyo 2,000 inaweza kuongezeka kila mwaka kimya kimya, mpaka siku unaitwa kazi na unaulizwa cheti cha ushuru.)

Kwa hivyo nilimuuliza yule ndugu swali lingine: unangoja nini? Akaangalia chini. Akasema, "Najua nitadaiwa."

Hapo sasa. Wengi hatujui, au tunajifanya hatujui, kwamba kuna tarehe mbili. Ritani ni Juni 30. Lakini kama una ushuru uliobaki kulipa, pesa yenyewe inatakiwa kufikia Aprili 30.

Mimi niliijua. Nimesomea biashara, siwezi kujitetea. Kuna mwaka nilifundisha jioni katika chuo kimoja, miezi minne, shilingi 20,000 kwa mwezi. Chuo hakikunikata ushuru hata senti, na hakikukosea: asilimia 10 ya 20,000 ni 2,000, na ile nafuu ya kila mwezi ni 2,400, basi inabaki sufuri. Shida ni kwamba nafuu hiyo nilikuwa nimeshaitumia kwa mshahara wangu mwingine, ambao ulikuwa tayari umefika kwenye asilimia 30. Ukiunganisha P9 zote mbili, zile 80,000 zinadaiwa 24,000. Nilipiga hesabu hiyo Machi, nikiwa jikoni, nyuma ya bahasha. Nikaikunja bahasha nikaiweka ndani ya Biblia, kama mtu anayeomba juu yake. Nikasema Juni bado iko mbali.

Darasani tulifundishwa kwamba shilingi ya leo ina thamani kuliko ya kesho, kwa hivyo deni lipe siku ya mwisho, pesa ikae kwako ikifanya kazi. Ni somo la kweli, na wakati mwingine ni busara. Lakini pesa yangu ilifanya kazi gani? Mei tulikuwa na changizo la ujenzi. Nilisimama mbele, nikatoa 10,000, na nyinyi mkanipigia makofi. Mpendwa, ile 10,000 haikuwa yangu. Ilikuwa imeshapita tarehe yake. Nilimtolea Bwana pesa ya mtu mwingine, tena nikapokea makofi juu yake.

Nililipa tarehe 28 Juni. Faini ya asilimia 5 ilikuwa 1,200, na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, miezi miwili, 480. Kwa 1,680 sikufilisika. Kilichoniuma ni kwamba ili nitimize nilikopa kwa chama cha mke wangu. Alinipa. Akaniuliza tu, "Baba, si ulikuwa nazo Machi?"

Mithali 3 inasema juu ya mtu aliye na kitu mkononi lakini anamwambia jirani arudi kesho. Nimeihubiri mara nyingi nikifikiria mwenye duka na mteja wake. Sikuwahi kufikiria kwamba jirani anaweza kuwa dispensari isiyo na dawa. Najua mtasema, "Pasta, pesa zetu zinaibiwa huko juu." Zingine zinaibiwa, na hilo tulipigie kelele kwa nguvu. Lakini Machi ile mimi sikuwa nikipinga wizi. Nilikuwa tu sitaki kuachilia.

Na mwangalie mtu anayedai kurudishiwa pesa na KRA! Huyo anauliza P9 yake mapema, Februari haiishi kabla hajafaili. Sote kalenda tunaijua vizuri pesa zikiwa zinakuja kwetu.

Basi ndugu yangu, kufaili Juni si dhambi. Lakini kama bahasha yako umeshaipigia hesabu na pesa ziko, lipa mwezi huu, hata ritani yenyewe ukiituma baadaye. Kama haziko, faili hivyo hivyo na useme ukweli, halafu uombe KRA mpango wa kulipa kidogo kidogo. Deni linaloonekana ni jepesi kuliko lile lililokunjwa ndani ya Biblia.

Jumapili hii baada ya ibada ya pili nitakuwa chumba cha vijana na kompyuta mbili. Kuja na P9, kitambulisho na PIN. Nenosiri utaandika mwenyewe, mimi nitaangalia kando.