Kama Ilivyopokelewa

Kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2024 zilidumu siku saba tu, Novemba 20 hadi 26, na kesho yake watu wakapiga kura. Siku saba ni chache kwa mgombea wa kijiji cha milimani Uluguru, ambako nyumba moja iko bondeni na ya jirani yake iko juu kabisa, hata kusalimiana ni kwa kupiga kelele. Lakini kwa uzushi siku saba zinatosha na kubaki. Ujumbe ukitoka Kinole usiku, asubuhi umeshafika Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro na watu wanauongeza chumvi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja anagombea uenyekiti wa kijiji. Zikiwa zimebaki siku tatu, simu za watu zinapokea maneno haya: huyu mama aliuza ardhi ya kijiji, halafu muulizeni mumewe wa kwanza alikufaje. Chini hakuna jina. Juu pameandikwa: "Kama ilivyopokelewa."

Hapo kuna tuhuma mbili, na kimaadili haziko sawa hata kidogo. Ya kwanza inaweza kukaguliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa hiyo kuna mihtasari ya kuulizia, kuna mipaka ya kwenda kuitazama, kuna wazee waliohudhuria kikao. Hata kama hatumjui aliyeandika, tunaweza kuufikia ukweli bila yeye. Tuhuma ya pili haina mlango. Inanong'ona uchawi bila kulitaja neno lenyewe, na mama hawezi kuikana bila kuitangaza upya.

Je, aliyeandika ile ya kwanza alikosea kuficha jina? Mimi nasema hapana. Mkulima anayemtuhumu kiongozi wa kijiji chake bado atamhitaji kiongozi huyo huyo kesho, kwa barua ya utambulisho au kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mnyonge akijificha anapomsema mwenye nguvu, anajikinga. Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka kila jina bandia livuliwe nguo. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa sababu hakuwapa polisi taarifa za watu walioandika kwa majina ya kificho. Tukiwapa wakubwa ufunguo wa kila jina, wa kwanza kunyamaza atakuwa yule mwenye mihtasari mkononi. Mzushi atatafuta laini nyingine ya simu.

Lakini kuficha jina nako kuna adabu yake, na sisi wasomaji wa Kiswahili tunaijua siku nyingi. Mtunga fumbo huweka jina lake hadharani na kumficha anayemlenga. Shaaban Robert alipotoa Kusadikika mwaka 1951, jina lilikuwa lake; nchi aliyoisema ndiyo iliyovikwa vazi la kubuni. Uzushi wa kampeni umegeuza mambo: mlengwa anatajwa kwa jina, ukoo na picha, msemaji ndiye anayejifunika. Na hata katika nchi ile ya dhuluma, Karama alimjua mshitaki wake, waziri Majivuno, akasimama mbele yake kujitetea. Mama wa mfano wetu hana hata hilo.

Tazama na utani. Mtani anaweza kukuvua nguo msibani, tena mbele ya wakwe, lakini uso wake unaonekana na zamu yako ya kumrudishia itafika. Ukali wa maneno una mwenyewe.

Sasa uzushi usio na mwenyewe unapataje nguvu? Swali hili ndilo linalonisumbua kuliko mwandishi wake. Namba tusiyoijua ikituambia jirani yetu ni mchawi, wengi wetu tutapuuza. Tunaamini kwa sababu ujumbe umeletwa na shemeji, na mwalimu, na mweka hazina wa kikoba, watu wenye majina na picha zao. Katika vikoba hakuna mkopo bila mdhamini. Uzushi nao hautembei bila mdhamini, na kila anayeusambaza ameutilia sahihi, hata kama ameandika juu yake "kama ilivyopokelewa". Maneno hayo mawili ni ya mtu anayetaka kukopesha heshima yake bila kulipa deni likiiva.

Kuna wanaojitetea kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo inafaa kutukumbusha tuchunguze. Tukiitumia kama hukumu, tumempa kila mwenye bando uwezo wa kuumba ukweli kwa kurudiarudia tu.

Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kutuma, mtu ajiulize maswali mawili. Je, kuna kitu hapa mwingine anaweza kwenda kukihakiki? Na je, niko tayari kulisema hili mbele ya huyu mama, kwa sauti yangu? Likikosa yote mawili, liishie kwenye simu yangu. Na aliyetuletea naye aulizwe kwa upole: "Ndugu yangu, hili wewe unalisimamia?"

Maana Novemba 27 ilipita, na maisha ya kijiji yakaendelea. Mgombea akishindwa hahami. Anachota maji kwenye kijito kile kile, anapanda daladala ile ile kwenda mjini, na siku ya msiba atakaa mkeka mmoja na waliosambaza habari za mumewe. Yeye atawajua wote kwa majina.