Mtu na Sura Anayojitungia

Msomaji, je, mtu ana haki ya kujiumba upya? Wengi hujibu kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Methali ni ya kweli, lakini haikumaliza maneno.

Tazama watu wawili wa vitabuni. Katika The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald iliyotoka mwaka 1925, kijana wa miaka 17, mwana wa wakulima maskini wa Marekani, aliacha jina la James Gatz akajiita Jay Gatsby. Alitafuta mali, akafanya karamu kubwa ili amvute mwanamke aliyempenda. Alimnunulia baba yake nyumba. Hata hivyo, mzee alipata habari za kifo cha mwanawe katika gazeti.

Katika Utubora Mkulima, hadithi ya Shaaban Robert iliyochapishwa mwaka 1968, Utubora naye alijigeuza. Aliacha kazi ya mshahara Unguja, akashika jembe. Wote wawili walibadilika, bali nia zao hazikufanana. Utubora alitaka kuishi maisha aliyoyaamini, wala hakuwa na la kuficha. Gatsby alitaka kuonekana, na atakaye kuonekana hana budi kuficha.

Usidhani kuwa namhukumu. Baba yangu aliuza makaa katika mtaa wa Huruma, Nairobi, na makaa hayo ndiyo yaliyonilipia chuo cha ualimu. Wenzangu waliponiuliza kazi yake, nilisema ni karani. Siku moja alikuja kunitazama, amevaa koti la kuazima, weusi wa makaa ungali katika kucha zake. Alipoulizwa langoni yeye ni nani, alijibu kuwa ni jirani yetu tu. Sijui ni nani aliyempasha habari za uongo wangu. Siku ile sote wawili tulijitungia sura: mimi kwa aibu, yeye kwa mapenzi. Nilisimama karibu, nikasikia, nikanyamaza.

Kwa hiyo, msomaji, ukutanapo kitabuni na mtu aliyejibandika jina au nasaba, usiulize tu kama amesema uongo. Uliza anataka nini, na ni nani anayelipa gharama ya sura yake mpya. Kisha funga kitabu, ujiulize nawe. Kubadilika si kosa. Kosa ni kumfanya aliyekulea kuwa jirani.