Bei na Thamani ya Kitu cha Mkono

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani hunenwa juu ya vyombo vya bahari, lakini yafaa vilevile kusemwa sokoni. Kila kitu kilichofanywa kwa mkono wa binadamu kina siku zake za kazi, kina ujuzi uliorithiwa, na kina mtu aliyeketi kivulini akakifikiri kabla hajakifanya. Mnunuzi hayaoni hayo. Akionacho ni kitu kilichowekwa juu ya turubai kando ya barabara, na bei yake. Katika makala haya tunakusudia kuzungumza juu ya umbali uliopo kati ya bei na thamani, na kuuliza swali ambalo kwa maoni yetu linagusa heshima ya taifa: mtu anayeijua thamani ya kitu ana wajibu gani kwa mtu anayemwuzia bila ya kuijua?

Tumezichukua Kibaha na Kisarawe kuwa mfano kwa sababu zimekaa mlangoni mwa Dar es Salaam. Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ipo kwenye Barabara ya Morogoro, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Kisarawe ipo upande wa kusini-magharibi, juu ya vilima, ukishapita Pugu. Sehemu hizi ni za Uzaramo tangu zamani, ingawa leo wanakaa humo Watanzania wa kila kabila. Mjini Kibaha, pale Maili Moja, na katika masoko ya njiani mpaka Mlandizi, na vilevile kwenye magulio ya Kisarawe hadi Maneromango, muuzaji hutandaza alichonacho. Penye sufuria na nguo za mitumba hapakosi kuonekana ungo, kifumbu, mkeka au chungu. Na mara mojamoja hutokea kigoda kilichong'arishwa na miaka ya kukaliwa, mbuzi ya kukunia nazi ya mti mgumu, pasi ya mkaa, redio ya mbao, au sarafu za zamani zenye tundu. Hata neno hela lenyewe ni kitu cha kale. Limetokana na heller, sarafu ya Wajerumani iliyoletwa katika nchi hii mwaka 1904. Na leo sarafu hiyohiyo ndiyo inayouzwa sokoni, ikanunuliwa kwa hela.

Mtu wa mjini aliyezunguka jua kali akaokota katika fungu la vyuma chakavu kitu kizuri ambacho wengine wamekipita, hupata furaha ya kweli, wala hatukusudii kuilaumu. Ni heri mtu huyo kuliko yule anayeona haya kuweka mkeka wa ukindu sebuleni mwake. Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka Watanganyika waache kuona haya kwa vitu vyao. Ikiwa leo kijana anaingia sokoni kutafuta kazi za mikono ya wazee wake, basi sehemu ya matakwa hayo imetimia. Lakini kupenda kitu ni jambo moja, na kumtendea haki aliyekifanya au aliyekitunza ni jambo la pili. La kwanza laweza kuwepo bila ya la pili.

Tuanze na kitu kipya. Mkeka huanza porini. Mwanamke huyakata makuti machanga ya mkindu, huyaanika, huyachana kwa upana mmoja, kisha huyachemsha katika rangi yale anayotaka yawe mekundu, ya zambarau au ya kijani. Halafu husuka ukili, utepe mrefu mwembamba, akiusuka huku anatazama watoto na chungu kikiwa jikoni. Ukili ukitosha, huushona mzunguko kwa mzunguko mpaka mkeka upate upana wake. Kazi hiyo ni ya majuma, si ya siku. Mnunuzi anaposimama mbele ya mkeka huo akasema, "Punguza, mama," na aigawanye kimoyomoyo ile bei anayoitaka kwa siku zilizotumika. Ajiulize kama yeye mwenyewe angekubali kufanya kazi yoyote kwa ujira huo. Kupatana bei ni desturi yetu, na biashara haigombi. Lakini desturi ya kupatana ilikuwa baina ya majirani wawili waliojua wote kazi ya kusuka ilivyo. Mmoja asipoijua kazi hiyo, au akajifanya haijui, kupatana kunageuka kuwa kumkamua mnyonge.

Sasa tuje kwenye kitu cha kale, ambapo mizani hugeuka. Hapa ajuaye zaidi ni mnunuzi. Tuchukue mfano wa mtu aliyeleta sokoni kigoda cha babu yake. Yeye anakipima kwa kiti cha plastiki: kiti cha plastiki kina mgongo na rangi inayong'aa, kigoda hakina. Kwa hiyo anataja bei ndogo. Mnunuzi anajua kwamba kigoda cha namna ile, kikishapanguswa vumbi na kufikishwa katika duka la vitu vya kale, kitauzwa mara nyingi ya bei ile. Ananyamaza, analipa, anaondoka. Je, amedhulumu?

Wapo watakaosema hapana. Watasema kwamba hakuna aliyeshikwa mkono, bei ilitajwa na mwenye mali, na ujuzi wa mnunuzi ni jasho lake kama lilivyo jasho la fundi. Hoja hii si ya kupuuzwa. Mtu aliyesoma na kuzunguka miaka mingi hawezi kulazimishwa kugawa elimu yake bure kwa kila amkutaye. Hata hivyo, wanadamu walikwisha kulifikiri jambo hili zamani sana, na wengi walio waungwana hawakuridhika na jibu hilo. Cicero wa Roma, katika kitabu chake juu ya wajibu, anasimulia habari za mwanasheria Scaevola, aliyemtaka mwenye shamba amtajie bei ya mwisho. Alipotajiwa, Scaevola alisema kwamba yeye analiona shamba lile kuwa na thamani kubwa zaidi, akaongeza sestasi 100,000. Katika Uislamu, dini ya wengi wa watu wa pwani yetu, Mtume alikataza watu kuutokea msafara njiani na kuinunua bidhaa kabla haijafika sokoni, kwa kuwa wenye msafara hawajaijua bado bei ya mjini. Katika mifano yote miwili haki haiishii kwenye ridhaa ya mdomo. Ridhaa ya asiyejua ni nusu ya ridhaa, na anayeitumia nusu hiyo kama nzima amechukua kisicho chake.

Nasi twaona kwamba msafara wa leo ni yule mtu wa Maneromango aliyeshuka na kigoda chake. Anayemlaki njiani ndiye mnunuzi wa gari. Hatumtaki mnunuzi huyo alipe bei ya dukani, maana duka lina kodi, usafiri na hasara zake. Tunamtaka aseme neno moja: "Ndugu, kitu hiki ni cha thamani kuliko unavyodhani." Baada ya neno hilo, na wapatane. Bei itakayotoka hapo, iwe kubwa au ndogo, itakuwa bei baina ya watu wawili wenye macho.

Hapo tumezungumza juu ya vitu ambavyo mwenyewe ana haki ya kuviuza. Lakini vipo vingine ambavyo tunatia shaka kama vina muuzaji hata mmoja. Miongoni mwa Wazaramo, na majirani zao kama Wakwere na Wadoe, ipo sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Haina mikono wala miguu. Ina kiwiliwili cha mviringo, matiti, kitovu, na kichwa chenye kishungi cha nywele ambacho mara nyingi kimegawanyika pande mbili. Mwali alipowekwa ndani alikabidhiwa sanamu hii, akaipaka mafuta, akaitunza kama mtoto, ili ajifunze ulezi na aombewe uzazi. Mafunzo yalipokwisha, sanamu iliwekwa kumngojea binti mwingine wa ukoo. Umbo hilohilo lilichongwa kwenye bakora za wakubwa, kwenye vigoda, hata kwenye nguzo za makaburi, kana kwamba wazee walitaka kusema kuwa uhai hupita kutoka mkono hadi mkono bila ya kuwa mali ya mmoja.

Kitu cha namna hiyo ni amana. Bibi aliyekishika alikishika kwa niaba ya wajukuu ambao hawajazaliwa. Kikifika sokoni, mnunuzi hununua mti, lakini amana haiwezi kununuliwa; inaweza kupotea tu. Leo sanamu za mwana hiti zimo katika makumbusho ya Ulaya, ya Berlin yakiwemo, na nyingi zilitoka nchini wakati wa ukoloni. Soma maelezo yanayowekwa chini ya vitu kama hivyo: mara nyingi utakuta jina la kabila, na pengine jina la Mzungu aliyekichukua. Jina la fundi aliyechonga halimo, wala la binti wa mwisho aliyekipaka mafuta.

Hapa tunajua kwamba tutaulizwa swali zito. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani, asiye na nauli ya kumfikisha hospitali, aambiwe asiuze sanamu ya bibi yake kwa sababu ya utamaduni? Tunajibu bila ya kusita kwamba mwanadamu ni mkubwa kuliko sanamu. Wazee waliochonga mwana hiti waliichonga kwa ajili ya uhai, na hakuna mila ya Kizaramo iliyotaka mtoto afe ili mti usalie. Kwa hiyo lawama yetu haimwelekei muuzaji mwenye shida. Inamwelekea mwenye fedha, ambaye shida ya mwenzake kwake imekuwa nafasi ya faida. Yeye ndiye mwenye uhuru wa kuchagua katika biashara ile. Anaweza kumkopesha, anaweza kununua na kuahidi mbele ya jamaa kwamba watakapoweza watakomboa, anaweza kuwaongoza wakakipeleke kwenye makumbusho ya nchi, ambako wajukuu watakwenda kukitazama. Akiwa hataki lolote katika hayo, basi asijiite mpenzi wa utamaduni.

Haki lakini ni ya pande mbili. Wapo wauzaji wanaochonga kitu wiki hii, wakakifukia udongoni au kukifukiza moshi, kisha wakamwapia mgeni kwamba kimerithiwa vizazi vitatu. Huo ni uongo, na hasara yake haimwangukii mgeni peke yake. Fundi huyo amejidharau mwenyewe, kwa kuwa ametangaza kwamba kazi ya mkono wake ulio hai haifai mpaka ivishwe umri wa marehemu. Kazi mpya nzuri haina haja ya kuona haya. Kizuri chajiuza.

Serikali haikulala katika jambo hili. Sheria ya Mambo ya Kale ilitungwa mwaka 1964 na kurekebishwa mwaka 1979, nayo inazuia vitu vya kale kutolewa nje ya nchi bila ya kibali. Mwaka 1970 UNESCO ilipitisha mkataba wa kupinga biashara haramu ya mali za utamaduni, na Tanzania imo katika mkataba huo. Kijiji cha Makumbusho, katika Barabara ya Bagamoyo mjini Dar es Salaam, kimehifadhi mfano wa nyumba ya Kizaramo pamoja na za makabila mengine. Lakini sheria hulinda mpaka na bandari. Haiwezi kusimama mbele ya kila turubai la Maili Moja. Pale anasimama mnunuzi na dhamiri yake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo machache yaliyo katika uwezo wa kila mwananchi. Kwanza, tununue zaidi kwa fundi aliye hai, tumwagize tunachokitaka, na tumlipe kwa siku zake, ili mwanawe aione kazi ile kuwa ni riziki, asiikimbie. Pili, mbele ya kitu cha kale tuulize maswali matatu kabla ya bei: nani alikifanya, kilitumika kwa kazi gani, na nani atakikosa nyumbani kikiondoka? Jibu la swali la tatu likiwa ni ukoo mzima, tukirudishe mkononi mwa aliyekileta. Tatu, tuyaandike majibu hayo. Karatasi ndogo yenye jina la fundi na la kijiji chake, ikakaa pamoja na kitu, ni hifadhi iliyo kubwa kuliko kabati la kioo. Maafisa utamaduni wa wilaya na walimu wa shule za Kibaha na Kisarawe wanaweza kuwafundisha vijana kazi hiyo ya kuuliza na kuandika, maana wazee wanaoweza kujibu wanapungua kila mwaka.

Mwacha mila ni mtumwa, nasi tumezoea kumwambia hivyo kijana anayeiga ya ugenini. Tumwambie hivyo pia mtu mzima aliyezijaza kuta za nyumba yake vitu vya kale, wala hajui hata jina moja la waliovifanya.