Je, Mkatoliki Anaweza Kusikiliza Muziki wa Giza?



Leo naomba tuongelee albamu moja ambayo wengi wenu hamjawahi kuisikia. Inaitwa Duma, na ndilo jina la kundi lenyewe: Martin Khanja, mwimbaji, na Sam Karugu, mpiga gitaa na mtengeneza midundo, wote wa Nairobi. Waliirekodi Kampala, na Nyege Nyege Tapes wakaitoa Agosti 2020. Kwa Kiswahili duma ni yule mnyama mwenye mbio, lakini wao wamechukua neno la Kikikuyu lenye maana ya giza. Na kweli ni giza. Midundo inakimbia kuliko moyo, gitaa linanguruma kama mashine ya kukoboa kahawa, na mtu anapiga mayowe mpaka maneno yanapotea. Wimbo mmoja unaitwa "Pembe 666", mwingine "Sin Nature", yaani asili ya dhambi. Hapo wengi wanafanya ishara ya msalaba na kufuta kwenye simu.

Mimi nasema tufikiri kwanza, kufuta baadaye.

Tuanze na mayowe. Huku kwetu Nyasa, mwera ukivuma ziwa linachafuka, na kuna siku mtumbwi haurudi. Ukiwa Liuli au Mbamba Bay siku kama hiyo utamsikia mama analia pale mchangani. Kilio chake hakina noti wala mpangilio, kinatisha kabisa. Nani atasema mama yule ana pepo? Basi sauti kutisha ni jambo moja, na moyo kuwa mbaya ni jambo jingine.

Na ile namba? Imetoka kwenye Biblia yetu, Ufunuo sura ya 13. Kitabu kile kiliandikwa kwa Wakristo waliokuwa wanateswa, na wataalamu wengi wanaona namba hiyo inamlenga Kaisari Nero. Ilikuwa onyo juu ya mtawala anayejifanya Mungu. Kuibandika kwenye wimbo kama pambo ni kucheza na jambo zito, hilo nalikubali. Lakini jina la wimbo halitoshi kuhukumu roho ya mtu.

Sasa swali gumu. Kwa nini binadamu apende kusikiliza kitu kinachoumiza? Aristotle, katika kitabu chake juu ya ushairi, anasema tunafurahia picha za vitu ambavyo vyenyewe vingetuchukiza, hata maiti, kwa sababu tunajifunza. Mtakatifu Augustino hakuridhika kirahisi hivyo. Katika Maungamo, kitabu cha tatu, anakumbuka michezo ya jukwaani kule Karthago: alipenda kulia kwa huzuni za kuigiza, huku mtazamaji haitwi kumsaidia mtu, anaitwa kuhuzunika tu. Hapo mimi nasimama na Augustino. Hofu yangu siyo kwamba shetani ataingia kupitia spika za masikioni. Hofu yangu ni kilio kugeuka pilipili: kila siku unaongeza kidogo ili usikie ukali, halafu kilio cha jirani hakikuwashi tena.

Lakini tuwe wa haki. Hata kwaya tamu inaweza kutufanya viziwi. Likizo hii, hapa Mbinga, nimeongea na kijana aliyemzika baba yake mwaka huu. Yeye ndiye aliyenionyesha albamu hii. Akaniambia, "Frateri, nyimbo za kanisani zinaniambia nishangilie. Hii hainiambii kitu, inalia tu." Sikuwa na hoja ya kumpinga. Yaani sisi wote tuliofika msibani tulimpa maneno, na aliyekubali kulia naye alikuwa mgeni kwenye simu.

Nilichompa ni Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo humalizika kwa sifa au tumaini. Hii haina hata hilo. Inaishia gizani, na Kanisa halijaiona aibu. Mapadre na watawa wanaisali kila Ijumaa kabla ya kulala. Ila kuna tofauti moja kubwa: kilio cha zaburi kina anwani. Mwenye zaburi anamlalamikia Mungu, anamwuliza maswali makali, lakini anaongea na Mungu. Hajageuka kuongea na ukuta.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kusikiliza siyo dhambi kwa sababu tu sauti inatisha. Ukizima simu, jiangalie: umekuwa mwepesi kwenda kwa anayelia, au umeridhika na mayowe yenyewe? Umepata la kumwambia Mungu, au umebaki na ukuta? Na kama ndani yako kuna giza linalokukatisha tamaa ya kuishi, usikae nalo peke yako na spika masikioni. Mtafute padre, katekista, daktari, au rafiki, leo hii.

Na sisi wa VIWAWA na TYCS tuna kazi. Msiba ukiisha na maturubai yakishushwa, watu hutawanyika. Wiki ya tatu, mwezi wa pili, ndipo nyumba inakuwa kimya. Nendeni wakati huo. Msibebe hotuba. Kaeni naye, na akilia, mwacheni alie.